Wali wa Siku ya Kumi

Mzee niliyemfanyia kazi ya kushona alikuwa Mhindu asiyeamini kwamba mtu ana roho, na mke wake alikuwa Mhindu aliyeamini kwa niaba ya wote wawili. Walibishana juu ya jambo hilo karibu kila siku saa kumi, chai ikishamiminwa, na sisi mafundi watatu tulisimamisha cherehani makusudi ili neno lisitupite. Ilikuwa miaka ya sabini, na redio ya pale kazini ilikuwa mbovu, basi huo ndio uliokuwa mchezo wetu wa kusikiliza.

Karakana ilikuwa kando ya Jogoo Road, upande wa Makadara. Kutoka nyumbani kwetu Mbotela nilikwenda kwa miguu, robo saa hivi nisiposimama na watu njiani. Mbele palikuwa na duka la vitambaa, katikati cherehani zetu, nyuma ua mdogo wa saruji wenye bomba la maji na stoo ya mabati, na ng'ambo ya ua vyumba viwili walivyokaa Mzee na mkewe. Tulishona sare za shule mwaka mzima. Shule zikikaribia kufunguliwa tulishona mpaka vidole vinakufa ganzi.

Mke wa Mzee tulimwita Mama. Yeye ndiye aliyekata vitambaa, na mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili wa meza. Alikuwa amezaliwa Mombasa na Kiswahili chake kilitutoa jasho sisi watu wa bara. Mzee alikuja kutoka India akiwa kijana na alijifunzia Kiswahili dukani, kwa hiyo chake kilikuwa kile cha kuuza na kununua, akakitumia hivyo hivyo kuzungumzia mambo ya Mungu.

Mama alinieleza imani yao kidogo kidogo, mkasi ukitembea. Roho haizaliwi wala haifi, alisema. Inaingia katika mwili, inakaa, mwili ukichoka inatoka na kwenda kuvaa mwingine, na ulivyotenda huku ndivyo vinavyoamua utavaa nini kule. Ndiyo maana hakuturuhusu kuua hata mende. Siku moja nilimkuta panya ndani ya robota la kitambaa cha kaki nikampiga na rula ya mti akafa hapo hapo, nami nikajiona nimeokoa mali. Mama hakunisemesha mpaka jioni. Niliudhika sana, maana panya yule alikuwa ameshakula pindo mbili.

"Mwili ni nguo tu," Mama alikuwa akisema saa ya chai.

"Mimi nashona nguo miaka thelathini," Mzee alijibu. "Nguo bila mtu mimi naona kila siku. Mtu bila nguo pia naona. Hiyo kitu ya tatu mimi hapana ona bado. Wewe onyesha mimi."

"Huoni kwa sababu macho yako mabovu."

"Ndiyo. Basi wewe iko macho mzuri. Onyesha."

Hapo Mama alicheka, akamwongezea chai, na ubishi ukaahirishwa hadi kesho. Hawakuwa watu wa kununiana. Macho ya Mzee yalikuwa mabovu kweli, yameingia mtoto wa jicho yote mawili, na hakutaka kusikia habari za kupasuliwa. Mama ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano na kumsomea saizi kwenye kola.

Mimi nina ulimi. Nasema mapema ili msomaji asidhani nilikuwa binti wa kuinamisha kichwa. Nilimwambia Mama waziwazi kwamba sisi Wakristo tunakufa mara moja, tunahukumiwa, basi. Akaniuliza mwanangu wa kwanza alipataje jina. Nikamweleza, kwa sababu sikuona mtego: kwetu magharibi mtoto mchanga akilia siku nyingi bila ugonjwa, wazee wanataja majina ya waliokufa mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Wangu alilia siku tatu. Walipotaja jina la marehemu baba yangu alinyamaza, akanyonya, akalala.

"Alinyamazishwa na nini?" Mama akauliza.

"Na jina."

"Jina tu?"

Nikasema jina tu. Aliendelea kukata bila kunitazama, na nikakasirika siku nzima, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Baba wa kanisa nilipomuuliza Jumapili aliniambia nisiwe na maswali ya wapagani.

Mama alianza kuvimba miguu. Kisha akashindwa kusimama mezani, nikawa nakata mimi, naye ananielekeza akiwa amekaa kwenye stuli. Baadaye hata stuli ilimshinda. Daktari alisema moyo. Alilala katika chumba cha nyuma wiki tatu, na asubuhi ya Jumanne, tukiwa ndiyo kwanza tumefika kazini, Mzee akatoka uani akasema, "Leo hapana kazi. Mama nakwisha." Alilisema vivyo hivyo alivyozoea kusema kitambaa kimekwisha, na mmoja wa mafundi akaelewa vibaya, akauliza kama tuje kesho mapema.

Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa ameshachomwa kule Kariokor, mahali Wahindu wanapochomea maiti zao. Haraka hiyo iliniuma kuliko moto wenyewe. Kwetu mtu mzima akifa analala nyumbani, watu wanaimba, wakwe wanafika, mnagombana juu ya ng'ombe, ndipo azikwe. Kwao anayewasha moto ni mtoto wa kiume, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, alikuja mpwa wake Mzee kutoka Thika. Wanawake hawaendi huko. Tulibaki tukiosha nyumba, mimi na mabibi wawili wa Kihindi kutoka duka la jirani, kila chumba, kila ukuta mpaka mkono ulipofika.

Mbotela kwenye mabomba habari ilikuwa imefika kabla yangu.

"Sasa huyo siku ya mwisho atafufuka na nini?" jirani yangu akauliza. "Mifupa imekuwa majivu."

"Adamu aliumbwa na nini? Si mavumbi?" akajibu mwingine.

"Majivu si mavumbi, mama. Majivu ni majivu."

Walibishana mpaka maji yakafurika kwenye debe na wenye foleni wakaanza kulalamika. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mkasi wa Mama, ambao nilikuwa nimeuacha mezani wazi.

Siku ya kumi ndiyo siku ninayotaka kuieleza. Familia yao ilikuwa na desturi kwamba siku hiyo wanapika mabonge ya wali kwa ajili ya marehemu, wanayaweka nje, na kungoja kunguru. Mpwa alinifafanulia kwa subira. Kunguru akishuka akagusa wali, maana yake roho imeridhika na inaweza kwenda zake. Asiposhuka, kuna jambo limeikwaza, basi walio hai inabidi waseme kwa sauti kile wanachoahidi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ahadi iliyokuwa inangojwa itajwe. Kabla ya hapo watu wa nyumba hawali.

Mabonge yakawekwa kwenye jani la mgomba juu ya paa la stoo, yamemwagiwa maziwa na ufuta mweusi. Watu kama kumi na wawili walirudi nyuma, wakasimama mlangoni mwa karakana. Kuhani wao alikuwa katikati. Mzee alikuwa ameegemea fremu ya mlango katika nguo nyeupe, mikono nyuma, na nilidhani anajizuia kucheka.

Sasa kunguru wa Jogoo Road si ndege wa kubembelezwa. Wamewahi kuninyang'anya andazi mkononi nikiwa nalitafuna. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuja. Labda wote walikuwa soko la Burma kwenye mabaki ya nyama, sijui. Wawili walitua juu ya nguzo ya umeme, wakatazama, wakaondoka. Mpwa akaahidi kwamba atamtunza mjomba wake. Hakuna kitu. Mabibi wa jirani wakaahidi kumwagilia mrehani wa Mama uliokuwa kwenye kopo, ule aliouzunguka kila asubuhi akiomba. Hakuna kitu. Saa tano, saa sita, ubani ukaisha, mtoto wa mtu akaanza kulia njaa.

Kuhani hakuwa na wasiwasi. Alisema jambo hili hutokea mijini, na kwamba dawa ipo: wanasuka kunguru wa majani, wanamgusisha wali, na kazi imekwisha. Akaanza kuchambua majani kwenye mfuko wake. Mzee ndiye aliyesema hapana.

"Sio kunguru ya majani," alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili sote tuelewe. "Kunguru ya kweli. Mimi nangoja."

Walimsihi kwa lugha yao, wakachoka. Saa saba watu walikuwa wameondoka mmoja mmoja, na mpwa akamrudisha kuhani kwa gari akaahidi kurudi. Mafundi wenzangu nao walikwenda zao. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na vyombo vya kuosha, na kwa sababu sikupenda kumwacha mtu mzima peke yake uani na njaa.

"Wewe kaa hapa," Mzee akaniambia, akanionyesha ndoo iliyopinduliwa. "Mimi hapana ona mpaka juu. Wewe angalia. Ambia mimi."

Nikakaa. Yeye akakaa kwenye stuli ya Mama, uso umeelekea paa asiloliona. Baadaye akaanza kuongea, na nilijua anaongea na mimi kwa kuwa alitumia Kiswahili.

"Jumapili asubuhi mimi napeleka yeye chai. Yeye nasema, mimi nakwenda sasa, lakini narudi, natafuta wewe. Mimi nasema nini? Nasema, hakuna kitu narudi. Mtu nakufa, nakwisha." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi nasema kama siku yote, saa ya chai. Mimi nafikiri yeye nacheka. Yeye nageukia ukuta."

"Hakusema kitu tena?"

"Jumatatu nasema kidogo, maji, dawa. Hiyo maneno hapana jibu. Mpaka Jumanne." Akasema polepole, "Kama yeye iko, mimi nataka yeye nasikia mimi mjinga. Kama hapana iko, basi ile neno yangu ndiyo ya mwisho. Inabaki hivyo hivyo."

Nilimwonea huruma mpaka nikashikwa na hasira. Nilimkasirikia yeye kwa mdomo wake, nikawakasirikia kunguru, nikamkasirikia hata Mama, ambaye kama yuko angeweza kufanya jambo dogo kama hilo. Miaka yote ile mzee huyu alikuwa anamtania mke wake kwamba hakuna kitu, na sasa alikuwa amekaa na njaa tangu asubuhi akimngoja ndege amwambie kwamba alikosea. Saa tisa ikapita. Paa lilikuwa na wali, nzi, na jani lililoanza kujikunja kwa jua.

"Mzee," nikasema, "ameshuka."

Akasimama. "Kunguru?"

"Kunguru. Ametua upande huu wa kulia."

"Yeye nafanya nini?"

"Anatazama. Sasa anakwenda kwenye wali. Amedonoa. Anakula."

"Ya kweli?"

"Ya kweli, Mzee. Amekula bonge la katikati. Sasa ameruka."

Mzee aliunganisha viganja vyake akaviinua usoni, akaanza kusema na lile paa kwa lugha yao. Alisema kwa muda mrefu. Sikuelewa neno lakini sikuhitaji mkalimani. Alikuwa anaomba msamaha, na alilia kama watu wazima wanavyolia, kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Nikapitia jikoni nikampakulia wali na dengu walizoleta jirani, akala sahani nzima, akaongeza. Alipoingia kulala kidogo nilipanda juu ya ndoo, nikachukua mabonge yote, nikayafunga kwa kipande cha kaki. Niliyatupa kwenye pipa la taka Mbotela nikienda nyumbani. Mpwa aliporudi alikuta jani tupu.

Basi Mzee akawa mtu mwingine. Sisemi alikuwa mtakatifu, maana bado alitupigia kelele tukipinda mshono. Lakini asubuhi aliingia karakana, akaweka mkono juu ya meza ya Mama, akamsalimia, ndipo akatusalimia sisi. Saa kumi vikombe vilikuwa viwili kama zamani. Kimoja alikunywa, kingine kilikaa upande wa Mama mpaka kikapoa, kisha akanipa mimi nikinywe. Wateja waliofiwa aliwaeleza habari za roho kwa Kiswahili chake, wakatoka wamechanganyikiwa lakini wamefarijika. Alinisimulia mara nyingi siku ile, yeye akinisimulia mimi niliyekuwa hapo, na kila mara kunguru alizidi kuwa mkubwa. Nilitikisa kichwa tu kukubali. Dhamiri haikunisumbua hata kidogo.

Mwaka wa pili niliokoka.

Aliyewahi kukaa Eastlands, mitaa yetu ile, siku zile atakuwa anawajua wale ndugu wa wokovu. Tulikutana kila Jumamosi mchana nyumbani kwa mama mmoja Makadara, karani wa ofisi, mwanamke mnyoofu hata akikaa. Sheria yao ilikuwa moja: ukiokoka, unatengeneza. Unakumbuka kila kitu ulichoiba, kila uongo uliosema, unakwenda kwa mwenyewe ana kwa ana kukiri. Ndugu mmoja alirudisha spana kiwandani baada ya miaka kumi na moja, na msimamizi aliyeibiwa alikuwa ameshastaafu. Dada mwingine alipanda basi mpaka kwao kukiri kwa mke mwenza habari za kuku. Tulisimama tukashuhudia haya, tukaimba, na mtu akikaa chini anang'aa uso. Niliwaonea wivu.

Nikaanza na uzi. Nilikuwa nimechukua rili saba za uzi pale kazini kwa miaka yote, na mkasi mdogo. Nilimpelekea Mzee. Alizipapasa moja moja, akacheka mpaka akakohoa.

"Mungu yako nataka uzi?" akasema. "Chukua. Shonea yeye nguo."

Niliposhuhudia hilo Jumamosi, yule mama karani alinitazama akaniuliza kama kuna lingine. Ndipo nikataja kunguru. Mmoja akasema huo si uongo wa kudhuru. Mama karani akasema uongo ni uongo, na huu ni mbaya zaidi, maana umemfungia mtu katika giza; yule mzee anaamini mambo ya kipagani, na aliyemshikia mlango ni mimi.

Hapa nitasema ukweli wote. Hawakunilazimisha. Maneno yale yalinikaa vizuri kwa sababu nilikuwa na tamaa yangu: niliona nikibomoa imani ya kunguru, nitajenga ya Yesu mahali pale pale, na nitamleta Mzee mwenyewe Jumamosi moja, nimemshika mkono. Nilifikiri hata juu ya wimbo tutakaoimba. Niliweka kitabu kidogo cha Injili ndani ya pochi, nikachagua saa ya chai.

Vikombe viwili vilikuwa mezani. Nikamwambia Mzee nina jambo la kutengeneza.

"Uzi tena?"

"Siyo uzi. Siku ile ya kumi. Kunguru hakushuka, Mzee. Nilikudanganya."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia. Alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka chini kwa uangalifu, akikitafutia kisahani chake kwa kidole.

"Hapana kula?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata punje moja."

"Mchele nakwenda wapi?"

"Niliutupa. Kwenye pipa, kwetu Mbotela."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa vipimo. Mafundi wenzangu walikuwa wameacha kushona. Nikaona huu ndio wakati, nikatoa kile kitabu, nikaanza kumwambia kwamba asihuzunike, kwamba yupo aliyefufuka kweli, ambaye anamngoja na yeye.

"Huyo," Mzee akanikatiza, "wewe naona?"

"Mzee?"

"Wewe sasa nasema kweli. Wewe mwenyewe, na macho yako. Naona yeye?"

Nilikuwa nimekuja kukiri uongo. Sikuweza kuongeza mwingine juu yake papo hapo.

"Sijamwona," nikasema.

"Haya," akasema Mzee. "Leta ile blue, mikono ya shati. Kesho watu nakuja."

Nilileta ile bluu. Tukafanya kazi mpaka jioni na hakunipigia kelele hata mara moja. Kesho yake aliingia, akatusalimia sisi, akapita. Saa kumi kikombe kilikuwa kimoja. Ilipofika Ijumaa alimwambia fundi mwenzangu apange marobota ya kaki juu ya meza ya Mama, kwa sababu nafasi inahitajika, na mimi nikahamishiwa kukatia kwenye meza ya duka. Kaki ilikaa pale. Wateja waliofiwa aliwapimia kitambaa tu, na akawapa pole kwa neno hilo moja.

Jumamosi nilishuhudia. Waliimba, na mama karani akanikumbatia akasema mzigo umetoka. Ulikuwa umetoka kweli. Nilipotoka nje nikajua umekwenda wapi, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia kwa uchungu na kwa aibu. Mke wa mtu alikuwa amekufa mara moja na watu wote wakaja kumpa pole. Mara ya pili nilimuua mimi, ili nilale vizuri, na hakuna aliyekuja.

Mzee hakunifukuza. Nilitamani anifukuze. Nilifanya kazi kwake mwaka mmoja na zaidi baada ya hapo, na kila siku nilitaka kumwambia kitu, lakini nilikuwa nimeshatumia maneno yangu yote mawili, la uongo na la kweli, na yote mawili yalikuwa yamemwumiza. Macho yake yaliziba kabisa. Kisha kifua kikambana, akalala katika kile chumba cha nyuma, na mpwa akawa anakuja kila siku kutoka Thika.

Asubuhi moja, kwenye saa nne, mpwa alitoka kuzungumza na daktari barabarani, akaniomba nikae na mjomba wake. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alijua ni mimi kwa mwendo.

"Wewe," akasema.

"Naam, Mzee."

"Yeye iko?"

Hakusema nani. Nilisimama pale na wokovu wangu wote. Nilijua ndugu wangenijibia nini. Nilijua kuhani wao angesema nini, na Mama mwenyewe, na baba wa kanisa aliyenikataza maswali. Mimi mwenyewe sikujua kitu. Nilikuwa nimemsikia mwanangu akilia siku tatu kisha akinyamaza, na hicho ndicho pekee nilichokuwa nacho mkononi.

"Yuko," nikasema.

"Wewe naona?"

"Sijaona. Lakini yuko, Mzee. Na siku ile uliposema na paa, alisikia. Kunguru hakuja, lakini yeye alisikia."

Sijui kama alinisadiki. Mtu akishakudanganya mara moja kwa upole, wa kumwamini mara ya pili ni nani. Alitafuta kwa mkono juu ya shuka mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwenye kifundo, akaendelea kuushika mpaka mpwa wake aliporudi. Alifariki keshokutwa yake.

Jumamosi mama karani huuliza kila mtu, kwa zamu, kama kuna neno alilosema ambalo bado hajalitengeneza. Kwa miaka yote tangu hapo, zamu yangu ikifika nalikumbuka lile "yuko", na nasema hakuna.